"Chanzo: Google": Utafiti na Marejeleo Katika Somo la Kiingereza, Gredi ya 7 Hadi 9

Ukiingia saiba yoyote ya mtaani Jumapili jioni, shule zikiwa zimefunguliwa, hukosi kumkuta mzazi amesimama na kijikaratasi chenye kazi ya mtoto wake. Mhudumu anaandika maneno mawili matatu kwenye Google, anafungua ukurasa wa kwanza unaotokea, anachapisha kurasa nne. Nyumbani mtoto anazinakili kwa mkono, maana mwalimu amesema hataki karatasi za mashine, na chini kabisa anaandika kwamba chanzo chake ni Google. Asubuhi yake mwalimu wa Kiingereza anapokea rundo la kazi ambazo nyingi zina aya ya kwanza ile ile, neno kwa neno, pamoja na vitarakimu ndani ya mabano ambavyo hakuna mtoto hata mmoja anayejua vilitoka wapi.

Lawama hufuata. Mzazi anauliza kwa nini anapewa kazi ya shule wakati karo ameshalipa. Mwalimu anasema watoto wa siku hizi ni wavivu. Kwenye kikundi cha WhatsApp mmoja akitaja wizi wa maandishi, mwenzake anajibu kwamba hayo ni ya chuo kikuu, mtoto wa miaka 13 aachwe apumue. Na jambo lenyewe si dogo tena. Tangu Gredi ya 7 ya kwanza ianze masomo Januari 2023 chini ya mtaala wa umilisi, kazi zinazofanywa shuleni zina uzito. KJSEA, mtihani wa taifa wa Gredi ya 9 uliofanywa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa 2025, hauamui peke yake alama ya mwisho ya mtoto: wenyewe unachukua asilimia 60, KPSEA, ule wa taifa wa Gredi ya 6, asilimia 20, na asilimia 20 iliyobaki hutoka kwenye tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8.

Nafundisha Kiingereza, kwa hiyo nina upande wangu katika ugomvi huu. Naona tunawahukumu watoto kwa kosa ambalo hatujawafundisha namna ya kuliepuka. Na tunapojaribu kuwafundisha tunaanzia mwisho, kwenye orodha ya marejeleo na nukta zake na koma zake, ilhali kazi yote iko mwanzo, kwenye daftari, siku mtoto anapoandika neno la kwanza alilolikuta mahali.

Tuyapange maneno kwanza, kwa sababu nusu ya mabishano hutokana na watu kutumia neno moja kwa mambo matatu. Utafiti, kwa kiwango cha mtoto huyu, ni kuwa na swali ambalo hajui jibu lake, kulitafutia jibu kwa watu au maandishi, na kumweleza mwingine alichokipata na alikokipata. Chanzo ni huyo mtu au hayo maandishi. Kunukuu ni kuyachukua maneno ya mwenyewe kama yalivyo na kuyafunga kwa alama za kunukuu. Kusema upya ni kuubeba ujumbe wote wa mwenyewe lakini kwa maneno yako na kwa sentensi uliyoijenga wewe. Muhtasari ni kusema upya kwa ufupi, ukiacha yasiyo ya lazima. Rejeo ni ile ishara au kauli inayomwonyesha msomaji jambo limetoka wapi, na marejeleo ni orodha ya mwisho inayokusanya vyanzo vyote. Wizi wa maandishi ni kuleta maneno au wazo la mtu kana kwamba ni lako. Ona kwamba katika hayo yote, ni orodha ya mwisho peke yake inayohitaji kanuni za nukta na koma.

Chini ya yote hayo kuna swali moja la barazani. Mtu akija akaketi, akasema feri ya Likoni haitafanya kazi kesho, wa kwanza kufungua kinywa atamuuliza: nani kakwambia? Akijibu kwamba watu wanasema, wenzake wataendelea na kahawa yao. Akijibu kwamba kaambiwa asubuhi ile na mfanyakazi wa feri, wataanza kupanga kuzunguka njia nyingine. Habari ni ile ile, ila sasa ina mwenyewe, na mwenyewe yuko mahali pa kuijua. Rejeo katika insha linafanya kazi hiyo tu. "Chanzo: Google" ni "watu wanasema" iliyovaa nguo za shule.

Swali hilo pia linajibu fumbo linalowasumbua walimu wengi: kila sentensi irejelewe? Hapana. Kwamba Nairobi ndio mji mkuu wa Kenya, hakuna atakayeuliza umejuaje. Kwamba Fort Jesus, ngome kongwe ya Mombasa, iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011, mwenzako darasani ana haki ya kuuliza. Mtoto wa Gredi ya 7 anaweza kuamua mwenyewe kwa kipimo hicho, na mara nyingi huamua vizuri.

Wanaosema kwamba kutaja vyanzo ni ada ya Wazungu wa vyuo vikuu wamesahau kilichoko msikitini jirani. Mtoto wa Pwani anayesoma hadithi za Mtume anajua kwamba hadithi haiji peke yake. Hutanguliwa na mlolongo wa wasimulizi, fulani kutoka kwa fulani kutoka kwa fulani, na wanazuoni waliupima mlolongo huo kiungo kwa kiungo: msimulizi huyu alikuwa mkweli? Kumbukumbu yake ilikuwa imara? Je, aliwahi hata kukutana na yule anayedai kumsikia? Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, anasifika hadi leo kwa ukali wake katika kazi hiyo. Darasani Mombasa unaweza kutumia dakika tano kwa mfano huu ukaokoa muhula mzima, kwa sababu mtoto hujiona amerudi kwenye jambo analolijua, na wenzake wasio Waislamu hulifahamu upesi vilevile.

Sasa tuingie darasani. Mwalimu akiandika ubaoni "andika kuhusu Fort Jesus", ameshawatuma watoto wakanakili. Mada pana namna hiyo ina majibu tayari, yaliyoandikwa kikamilifu na watu wanaojua Kiingereza kuliko mwanafunzi, na mtoto mwenye akili timamu haoni sababu ya kuyaandika upya vibaya. Mimi nasema nusu ya wizi wa maandishi shuleni husababishwa na maswali ya walimu. Kazi ya kwanza ya kufundisha utafiti ni kufundisha kuibana mada mpaka iwe swali.

Fort Jesus inafaa kwa zoezi hili kwa sababu ina tabaka nyingi. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 wakaitwaa Desemba 1698. Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958, kisha ikawa makumbusho. Kutoka hapo mtoto anaweza kuuliza: waliokuwa ndani waliishije karibu miaka mitatu wakiwa wamezingirwa? Kwa nini jela iligeuzwa makumbusho? Nani wanaendesha maisha yao leo kwa kutegemea watalii wa ngome hii? Maswali ya "kwa nini" na "vipi" ndiyo yanayozaa kazi. Kipimo changu ni hiki: ukurasa mmoja wa intaneti ukilijibu swali lote, swali hilo ni jepesi mno, au bado ni mada tu.

Baada ya swali huja vyanzo, na hapa ndipo uvumi ulipojaa. Google haina habari yake yenyewe kuhusu Fort Jesus. Ni mtambo wa kutafuta: unaonyesha kurasa zilizoandikwa na wengine. Chanzo ni ukurasa uliofunguliwa, na aliyeuandika. Vivyo hivyo YouTube na TikTok, ambako chanzo ni aliyezungumza kwenye video. Kumwambia mtoto aandike jina la mtu au la taasisi badala ya jina la mtambo ni marekebisho ya siku moja, na matokeo yake ni makubwa, kwa sababu akikosa jina la kuandika ataanza mwenyewe kuutilia shaka ukurasa.

Uvumi wa pili ni kwamba anwani inayoishia na .org ni ya kuaminika. Mtu yeyote anaweza kuinunua hiyo. Ya .go.ke ni tofauti, kwa kuwa ni ya ofisi za serikali, lakini hata huko unachokijua ni nani anayesema. Kama anasema kweli, hilo utalitafuta bado.

Basi mtoto apimeje? Kwa miaka mingi walimu tumegawa karatasi yenye maswali ya kutiki: ukurasa una tarehe? Una jina la mwandishi? Unaonekana nadhifu? Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwapa kurasa za intaneti wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wanafunzi 25 wa chuo hicho, na watu 10 ambao kazi yao ni kukagua ukweli wa habari. Wanahistoria na wanafunzi wengi walibaki ndani ya ukurasa, wakausoma kwa makini, wakavutwa na nembo nzuri na anwani yenye heshima. Wakaguzi walifanya jambo ambalo mwalimu wa kawaida angeliita kukosa adabu: hawakuusoma. Waliuacha upesi, wakafungua kurasa nyingine kuulizia aliyeandika ule wa kwanza ni nani na wengine wanamsemaje, na ndipo wakarudi. Ndio waliofika kwenye ukweli, tena kwa muda mfupi.

Hili linapingana na tunachokifundisha katika ufahamu, kwamba msomaji mzuri husoma mpaka mwisho. Kwenye kitabu cha kiada ni kweli, kwa sababu kitabu hicho kimeshapimwa na wengine kabla hakijakufikia. Intaneti haikupimwa na mtu. Tangu 1998 kuna ukurasa mashuhuri wa mzaha unaomweleza pweza anayeishi mitini katika misitu ya kaskazini-magharibi mwa Marekani, wenye picha na maelezo ya mazalia yake na wito wa kumwokoa asitoweke. Donald Leu wa Chuo Kikuu cha Connecticut aliwapa ukurasa huo wanafunzi wa darasa la 7 waliokuwa wasomaji hodari wa intaneti, na karibu wote wakaamini pweza huyo yupo. Watoto wa Pwani, ambao pweza wanamjua chunguni, hucheka sana wakiuona. Kicheko hicho ndicho unachokitaka: mtoto amegundua kwamba ujuzi aliotoka nao nyumbani ni silaha.

Wikipedia je? Kuipiga marufuku ni uvivu wa mwalimu. Ilianza 2001, mtu yeyote anaweza kuihariri, na kwa sababu hiyo haifai kuwa kituo cha mwisho. Lakini vile vitarakimu vya ndani ya mabano ambavyo watoto wanavinakili bila kujua ni marejeleo, na kila kimoja kinaelekeza kwenye kitabu, gazeti au ripoti iliyoko chini ya ukurasa. Somo zima la kurejelea limo humo, bure. Chukua makala ya Fort Jesus, mwambie mtoto afuate kitarakimu kimoja hadi mwisho wake, aseme ni nani aliyeandika hicho kilichoko huko na mwaka gani.

Najua msomaji mwalimu ameshaanza kuguna: intaneti ipi? Shule nyingi za sekondari msingi, yaani za Gredi ya 7 hadi 9, zimo ndani ya viwanja vya shule za msingi, hazina maktaba, na bando ni la mwalimu mwenyewe. Ndiyo. Lakini utafiti ulikuwapo kabla ya intaneti, na pengine huanza vizuri zaidi bila hiyo. Kitabu cha historia cha kiada ni chanzo. Gazeti lililofungia maandazi, likiwa na tarehe juu yake, ni chanzo. Maktaba ya umma, kwa walio karibu na tawi, ni chanzo juu ya chanzo. Na mzee wa Mji wa Kale anayekumbuka ngome ilipokuwa jela ni chanzo ambacho hakuna tovuti iliyonacho. Sharti mtoto aombe ruhusa, aandike jina, tarehe na mahali walipozungumza, na aandike pia mzee alijuaje: aliona mwenyewe, au alisimuliwa na baba yake? Katika somo la Kiingereza mahojiano hayo yana faida ya ziada. Mzee atazungumza Kiswahili, mtoto ataandika Kiingereza, na hapo hakuna sentensi ya kunakili.

Vyanzo viwili vikikutana, vitagongana, na siku hiyo usiipoteze. Kitabu kimoja kitasema Fort Jesus ilijengwa mwaka 1593, kingine 1596. Watoto hukimbilia kuuliza kipi ni cha kweli. Waache wavutane kidogo kabla hawajagundua kwamba kimoja kinataja mwaka wa kuanza na kingine wa kumaliza. Si kila mgongano huisha vizuri hivyo, lakini mtoto aliyeuona mmoja hatakubali tena kusoma chanzo kimoja akasema amefanya utafiti.

Nimefika kwenye daftari, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mahali ambapo kazi huharibikia.

Kwa nini mtoto ananakili? Wakubwa tunasema ni udanganyifu. Mara chache ni hivyo. Mwanafunzi wetu anaandika kwa lugha ambayo kwa wengi ni ya tatu, baada ya ile ya nyumbani na Kiswahili. Anakutana na sentensi ya Kiingereza aliyoielewa nusu. Akiigusa itavunjika, na anajua hivyo. Anaibeba nzima. Isitoshe, tumemzoesha. Tangu darasa la nne tumempa alama za juu kwa insha iliyojaa misemo ya kukariri, machweo na mawio ya kuazima, na hatujawahi kumuuliza maneno hayo kayatoa wapi. Kisha siku moja, Gredi ya 7, tunamgeukia na kumwita mwizi kwa tabia ile ile tuliyokuwa tukiitia vema. Akishangaa, tunasema ni jeuri.

Mtaalamu wa uandishi wa Marekani, Rebecca Moore Howard, alitetea mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba kuna kunakili ambako ni hatua ya kujifunza: mwanafunzi anachukua sentensi ya mwenyewe, anafuta maneno machache, anabandika mengine yenye maana ya karibu, kwa sababu bado hajaimudu lugha ya somo lile. Ni uandishi wa viraka. Haufai kuwa kazi ya mwisho, lakini anayeufanya anahitaji kufundishwa, na adhabu haimfundishi kitu.

Tuuone kwa Kiswahili ili tufuatane. Tuseme kitabu kimeandika: "Ngome hii ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 ili kulinda bandari ya Mombasa na njia yao ya kwenda India." Mtoto wa viraka ataandika: "Boma hili liliundwa na Wareno baina ya mwaka 1593 na 1596 ili kuhifadhi gati ya Mombasa na barabara yao ya kuelekea India." Maneno saba au manane yamebadilika, mifupa ni ile ile, na kwa bahati mbaya Wareno sasa wamejenga barabara ya lami baharini. Wengi wanaamini kwamba kubadilisha maneno kunatosha. Sentensi hii inaonyesha kwa nini hakutoshi: mtoto amefanya kazi bila kujua kinachosemwa. Aliyeelewa angeandika kitu kama hiki: "Meli za Wareno zilizokuwa zikienda India zilihitaji bandari salama, na Mombasa iliwafaa. Ili wasiipoteze, walijenga Fort Jesus, kazi iliyoisha mwaka 1596." Hata hiyo ya pili bado inahitaji rejeo, kwa sababu wazo na mwaka vimetoka kitabuni. Hilo nalo huwashangaza wengi: kusema kwa maneno yako hakukuondolei deni la kutaja ulikolipata.

Namna inayofaa kufika huko haihitaji vifaa. Mtoto asome aya. Afunge kitabu. Amgeukie jirani yake na kumweleza kwa Kiswahili, au kwa lugha yoyote wanayoelewana, kilichosemwa. Jirani aulize swali moja. Ndipo aandike kwa Kiingereza, kitabu kikiwa bado kimefungwa, kisha afungue kukagua miaka na majina tu. Kiswahili hapo kinafanya kazi ya kuchuja: sentensi ya Kiingereza ya mwandishi haiwezi kupita, inapita maana peke yake. Najua zipo shule zinazomtoza faini mtoto anayesema Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza. Shule hizo zinajinyima chombo bora kabisa cha kuzuia kunakili, na mimi sizionei huruma zikipata insha thelathini za aina moja.

Anachoandika mtoto kiende kwenye kadi, siyo moja kwa moja kwenye insha. Kadi ni robo ya karatasi ya daftari la zamani. Juu yake anaandika nani kasema, wapi, lini, ukurasa wa ngapi. Chini anaandika jambo moja tu. Kama ni maneno ya mwenyewe, alama za kunukuu ziwekwe pale pale, siku hiyo hiyo, kwa sababu baada ya wiki mbili hata mtu mzima hawezi kutofautisha sentensi yake na ya kitabu. Mtoto akiwa na kadi kumi, orodha ya marejeleo imeshajiandika. Asipokuwa nazo, usiku wa mwisho ataitunga.

Kuhusu orodha yenyewe nitakuwa mfupi. Mitindo ni mingi: MLA ya wasomi wa lugha na fasihi, APA iliyotoka kwa wanasaikolojia, Chicago na mingineyo. Yote inauliza mambo yale yale: mwandishi, kichwa, kilichapishwa wapi na nani, lini, ukurasa au anwani gani. MLA yenyewe, katika toleo lake la 8 la mwaka 2016, iliacha kuweka kanuni tofauti kwa kila aina ya chanzo ikaleta viungo 9 vinavyofaa kwa kitabu, video na wimbo. Kwa maoni yangu Gredi ya 7 inatosha mtoto ataje jina na kichwa ndani ya sentensi, "kwa mujibu wa fulani katika kitabu fulani". Gredi ya 8 aongeze orodha fupi yenye mwandishi, kichwa na mwaka. Gredi ya 9 ndiyo ashike mtindo mmoja kamili, wowote ambao shule imekubaliana. Hata Marekani, ambako watoto huanza haya mapema, viwango vya masomo vya Common Core vya 2010 vinamtaka mwanafunzi wa darasa la 6 atoe taarifa za msingi za vyanzo vyake, na kanuni rasmi za uandishi wa marejeleo zinaanza darasa la 7. Mwalimu wa huku anayekata alama tano kwa nukta iliyokosekana Gredi ya 7, kwa mtoto ambaye hajapitia hatua ile ya kwanza, anamrukisha ngazi.

Huchanganywa pia wizi wa maandishi na hakimiliki. Hakimiliki ni sheria. Nchini Kenya humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Ikiisha, unaweza kuchapisha kazi yake bila kumlipa mtu. Lakini ukiweka jina lako juu ya shairi la mtu aliyekufa miaka 200 iliyopita, hakuna mahakama itakayokuita na bado umeiba.

Na akili unde? Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, saiba nyingine hazifungui hata ukurasa wa Google. Shida yake kwa somo letu ni mahususi. Programu hizi hutunga maneno yanayoelekea kufuatana, na marejeleo pia yana umbo linaloelekea: jina, mwaka, kichwa kizuri. Kwa hiyo zinaweza kukupa kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 pamoja na kampuni yao baada ya kuwasilisha mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Kama wakili mzima aliingia shimoni, mtoto wa Gredi ya 8 atapita wapi? Kanuni niipendayo ni kwamba chanzo ambacho mtoto hajakishika au hajakifungua mwenyewe hakiingii kwenye orodha. Akiitumia programu kuelezewa neno gumu, aseme hivyo, yaishe.

Kwa upande wa walimu, tahadhari na programu zinazodai kugundua kazi ya akili unde. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walizijaribu programu 7 za aina hiyo kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kimakosa kuwa za mashine. Insha 91 zile zinafanana na za wanafunzi wetu kuliko mtengenezaji wa programu anavyodhani.

Inabaki kusahihisha, na hapa mwalimu ana nguvu kuliko anavyojua. Kama alama zote 20 zinatolewa kwa insha iliyokamilika, mtoto na mzazi watatafuta insha iliyokamilika, popote ilipo. Gawa alama. Mimi ningetoa 4 kwa swali, 8 kwa kadi zinazokusanywa kabla insha haijaandikwa, 3 kwa dakika mbili za mtoto kueleza mbele ya wenzake amejuaje anachokisema, na 5 tu kwa insha yenyewe. Mzazi akiona karatasi hiyo ya alama ataelewa bila mkutano kwamba msaada wake ni kumpeleka mtoto kwa shangazi aliyefanya kazi makumbusho, au kumsikiliza akieleza kwa Kiswahili aliyoyasoma.

Insha zitakazotoka hapo zitakuwa fupi, na Kiingereza chake kitachechemea kuliko kile cha kurasa nne za saiba. Mwalimu mkuu akiziona huenda akauliza mbona kiwango kimeshuka. Mpe na kadi azisome.